Nadhiri ya Mama na Basi la Watazama Mawe

Mama alikuwa na nadhiri, na nadhiri hiyo ilinihusu mimi. Nilipokuwa na miaka mitatu nilishikwa na surua iliyokaribia kunimaliza. Mama akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yakobo, msimamizi wa parokia yetu karibu na Bukoba, akaahidi kwamba nikipona, mmoja wetu atakwenda mpaka kwenye kaburi lake Hispania. Habari za kaburi alizipata kwa padre mmisionari, aliyemweleza pia kwamba mahujaji hupanda ngazi nyuma ya altare na kuikumbatia sanamu ya mtakatifu mabegani. Basi nikapona. Nikasoma, nikapata nafasi ya mafunzo ya ufundi Sweden mwishoni mwa miaka ya sitini, nikaajiriwa kutengeneza mashine za kufulia katika hospitali moja ya Stockholm, nikabaki hukohuko. Kila barua ya Mama, ambayo katekista alimwandikia kwa kuwa yeye hakujua kuandika, ilikuwa na swali lilelile: umeshafika kwa Mtakatifu Yakobo?

Nilimjibu kwa visingizio vilevile nilivyotumia kueleza kwa nini sijarudi nyumbani hata kuwasalimu: kazi nyingi, likizo fupi, safari ndefu. Miaka minane nilijibu hivyo. Kisha ikaja barua iliyosema Mama anasumbuliwa na kifua na kwamba asingependa kufa na deni la mtakatifu. Hiyo ilinikaa rohoni. Nikaapa kwamba kiangazi hicho, iwe isiwe, nitafika.

Wiki ileile nikaona tangazo kwenye ubao wa hospitali: Njia ya Mtakatifu Yakobo, kwa basi, kutoka Stockholm. Nilijiandikisha bila kuuliza swali hata moja, nikamwandikia Mama kwamba nakwenda. Kwetu mtu akisema anakwenda hija, anakwenda hija. Kuna rozari, kuna nyimbo, kuna akina mama waliobeba chakula. Haikunipitia akilini kwamba watu wazima wanaweza kusafiri njia nzima ya mahujaji bila nia ya kusali.

Kumbe lilikuwa darasa la jioni. Waswidi wana mapenzi makubwa na madarasa haya. Watu kumi na tano hukutana kila wiki kujifunza jambo fulani, wakanywa kahawa, wakaandika kumbukumbu za kikao. Hawa walikuwa wamesoma sanaa ya makanisa ya kale tangu majira ya baridi, na kiongozi wao, mwalimu mstaafu mwenye viatu vizito na daftari lisilotoka mkononi, alikuwa amepanga kila saa ya safari. Alinikaribisha vizuri, akanipa karatasi ya ratiba. Nikaona jina la Santiago, mji wenye kaburi, siku ya mwisho, nikaikunja nikaitia mfukoni. Jirani yangu wa Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm nilikokaa, Mganda Mwislamu aliyekimbia kwao, alikuja kuniaga nikifunga sanduku, akanituma na yeye.

"Ndugu yangu, huko ukifika niombee mambo ya karatasi zangu yaishe," alisema. "Mtakatifu ni wenu lakini Mungu si ni yuleyule."

Balaa lilianzia mpakani mwa Hispania. Pasi za Waswidi zilipita kama maji. Pasi yangu ya Tanzania ilichukuliwa ndani na askari, ikakaa huko, na mimi nikakaa kwenye benchi, na basi zima likakaa juani. Visa nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo! Lakini askari yule aliigeuza juu chini, akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa, mkubwa alikuwa amekwenda kula. Nilipoachiwa, saa tano zilikuwa zimepotea. Ndani ya basi hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Walinitazama kwa huruma ya adabu, kama mtu aliyetapika kwenye zulia la watu.

Mwalimu alifungua daftari akatangaza kwamba kwa kuwa tumechelewa, itabidi kitu fulani kipunguzwe. Nikasema moyoni, bila shaka watapunguza hivi vijikanisa vya njiani. Hapana. Alipunguza Santiago. Badala ya siku nzima tutapata saa tatu, maana Santiago, alieleza, imeharibiwa sana na mapambo ya karne za baadaye.

Kuanzia hapo sikuona kanisa wala daraja. Niliona saa tu. Kule Santo Domingo, mji mdogo wa njiani, wanafuga jogoo na tetea hai ndani ya kanisa, kwenye kizimba cha fahari juu ukutani, kwa ajili ya muujiza wa zamani wa kuku waliookwa wakafufuka. Siku nyingine ningecheka mpaka machozi, maana kwetu kuku akiingia kanisani hufukuzwa kwa ufagio. Siku ile nilisimama chini ya kizimba nikiwachukia wale kuku kwa roho yangu yote, kwa sababu wenzangu walikataa kuondoka mpaka jogoo awike, na jogoo naye akagoma.

Burgos tulitembea mpaka magoti yakalalamika. Frómista ilikuwa mbaya zaidi. Kanisa lenyewe ni dogo na zuri, sikatai, lakini chini ya paa lake limezungukwa na vichwa vya mawe vilivyochongwa, vya watu, vya wanyama, na vya vitu visivyo na jina, na mwalimu alitaka tukione kimoja kimoja. Tulizunguka shingo zikiwa zimepinda. Kisha kahawa. Kila siku saa nne kahawa, kila siku saa tisa kahawa, hata kama kaburi la mtume lingekuwa linafungwa mbele ya macho yetu. Na pale tulipofika mchana tulikuta milango imefungwa, Wahispania wamelala, na ilitubidi kumtafuta mama wa kutunza funguo, ambaye naye alikuwa amelala. Nilijaribu kusali ndani ya moja ya makanisa hayo. Nilipiga magoti, nikatoa rozari, nikafika kumi la pili. Mzee mmoja wa kikundi chetu akanigusa bega akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu nilikuwa ndani ya picha yake.

Tulifika Santiago mvua ikinyesha. Saa tatu zilikuwa zimeshakuwa mbili. Mwalimu alituongoza mpaka kwenye lile lango la mawe lililo ndani ya kanisa kuu, lenye manabii na mitume na wazee wa Ufunuo wenye vinanda, akafungua daftari. Akaanza na nguzo ya kushoto. Nilisubiri. Alipomaliza nguzo ya kushoto akafungua ukurasa mpya. Mbele kabisa, juu ya altare, niliiona mikono ya mahujaji ikitokea nyuma na kumzunguka mtakatifu mabegani, jozi baada ya jozi, nami nimesimama nikifundishwa vinanda. Nikatoka kwenye kundi bila kuomba ruhusa.

Mstari ulikuwa mrefu. Nilikuwa na maneno ya Mama, maneno mazuri aliyoyatunga katika barua, niliyoyakariri kwenye treni asubuhi nyingi nikienda kazini. Nilipopanda ngazi na kuikumbatia ile sanamu baridi yenye vito, maneno yote yalikuwa yameyeyuka kwa hasira. Nikasema tu, "Mama amenituma." Aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma. Nikashuka. Karatasi za jirani yangu nilizikumbuka nikiwa nimeshafika chini.

Mwalimu alinikuta mlangoni akasema kwa upole kwamba nimekosa sehemu bora kuliko zote. Hapo nililipuka.

"Mimi sikuja kutazama mawe," nikamwambia.

"Sisi tumekuja kutazama mawe," alijibu. "Iliandikwa kwenye ratiba."

Alisema kweli, na hilo lilinikasirisha mpaka Stockholm. Lakini nadhiri ilikuwa imelipwa. Nilimwandikia Mama barua ndefu ya ushindi, nikamweleza habari za mpakani, mvua, ngazi, mabega ya mtakatifu. Sikumwambia kwamba nilisahau maneno. Nilimwambia sasa apumzike, hadaiwi tena na mtu mbinguni.

Jibu lilichukua muda. Nililisoma jikoni, nimesimama, koti bado mwilini. Mwandiko ulikuwa wa katekista, lakini sauti ilikuwa ya Mama mwenyewe.

"Mwanangu, tumemshukuru Mtakatifu kwa kukupokea. Ila nadhiri ile niliimaliza zamani, ulipokuwa hujaanza shule. Padre alinibadilishia safari kwa kazi, nikabeba mawe ya kujengea kanisa majira mazima ya kiangazi. Mimi kila nikikuita nyumbani unaniambia kazi, unaniambia likizo. Nikaona labda ukiitwa na Mtakatifu utapata ruhusa. Mwalimu wa hapa alinifungulia ramani, nikaona Hispania na Afrika zimebakiza kidogo zishikane mikono. Nikawaambia watu kwamba ukimaliza kule utavuka uje nyumbani. Tulikipaka chokaa chumba chako. Tulikungoja mpaka kahawa ikaisha kuvunwa."

Niliisoma barua mara mbili, kisha nikakaa. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza, kwa sababu hakukosea kitu. Hospitali ilikuwa imenipa likizo ya safari ile siku ileile niliyoomba. Nilipotoka Hispania nilikuwa na siku kumi na mbili za likizo zilizobaki, na tiketi ya ndege ningeweza kuipata. Siku hizo nilizitumia kupaka rangi jiko lile nililokuwa nimekaa ndani yake, rangi ya maziwa, mara mbili juu ya ukuta uleule, mpaka kwenye pembe.