Mkongojo wa Mama Konsolata

Siku yangu ya kwanza ya kazi Kigoma nilishuka kwenye treni na sanduku, vyeti na viatu vyeupe. Nilitokea Singida, muuguzi wa afya ya akili, nikidhani nitakaa wodini. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya, mama asiyecheka ovyo, alivitazama vile viatu kabla ya vyeti.

"Sista, hivyo vaa Jumapili. Hapa hatusubiri wagonjwa, tunawafuata."

Ndiyo huduma ya mkoba hiyo. Unabeba dawa, daftari na maji ya kunywa, unaingia kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, unapita nyumba kwa nyumba. Nyie mnaojaza fomu kwenye simu mtacheka, lakini daftari letu lilikuwa moja, lenye kurasa za makundi maalumu: wazee, wajane, walemavu, wagonjwa wa akili. Mzee alipewa blanketi na mkongojo. Mgonjwa wa akili alipewa dawa, nami nilirudi kumwona kila wiki. Nikikosea ukurasa, mtu anakosa dawa.

Mwezi wa tatu nilishaanza kujidai najua Kirundi. Mkalimani wetu, Mzee Filberti, alipougua homa, nikasema nitakwenda peke yangu.

"Utasema nao lugha gani?" Mratibu aliuliza.

"Yao. Naielewa."

Akaguna tu.

Siku hiyo, kwenye meza niliyowekewa kambini, alikuja binti mmoja, Konsolata, analia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. "Mama yarasaze," alisema. "Muganga, yarasaze!"

Mimi nilijua gusaza ni kuzeeka. Nikampa pole, nikamwambia uzee hauliliwi, sote ndiko tuendako. Nikamwandika mama yake ukurasa wa wazee, bila hata kwenda kumwona. Konsolata akapokea blanketi na mkongojo, akaondoka navyo.

Wiki tatu baadaye Mzee Filberti akapona, tukapita mtaa wao. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na komeo lake ni ule mkongojo. Ndani kulikuwa na mwanamke amefungwa kamba kwenye nguzo. Hakuwa na mvi hata moja. Labda alinizidi miaka mitano.

Safari hii Konsolata hakulia. Alisema mama yake alikuwa akikimbilia ziwani kuwaita wadogo zake Konsolata, waliozama wakati wanavuka kuja huku. Majirani walichoka kumtoa majini, wakamfunga.

"Mzee Filberti, yarasaze ni nini?"

"Ni amepata wazimu, Sista. Aliyezeeka tunasema yarashaje."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule binti alikuja kuniambia mama yake anaumwa, tena kwa maneno yaliyonyooka, mimi nikampa fimbo.

Nilifungua kamba kwa mikono yangu. Viganja vya mama vilikuwa vimevimba, na mafundo yalishika mpaka nikatumia meno. Mratibu aliposoma daftari akauliza, "Nani kamwandika huyu kwenye wazee?"

"Mimi."

"Basi utamchoma sindano wewe, kila mwezi, mpaka aache kukimbilia maji. Na huo ukurasa usiuchane. Ukae hapo uuone."

Nilimchoma miaka miwili. Mwanzoni alinitemea mate. Baadaye akawa ananyoosha mkono mwenyewe, akitazama pembeni. Siku moja akanikaribisha ugali wa muhogo, nikala wote nikachelewa gari la kurudi mjini.

Nimestaafu, naishi Buzebazeba, hapa hapa Kigoma, magoti yamekwisha kwa kutembea. Vijana huniuliza niliponya wangapi. Nawajibu sijui, kazi ile haina siku unayosema umemaliza. Ninachowaambia ni kwamba wasione haya kuuliza neno mara mbili, nao huitikia kwa adabu wakichezea simu.

Juzi nilikuwa soko la Mwanga nikichagua dagaa, mtu akanishika mkono. Konsolata aliolewa na mtu wa Rusimbi, akahamia huko na mama yake. Mama huyo ndiye aliyenishika, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Aliutazama mkongojo wangu, maana siku hizi na mimi ninao, akacheka mpaka wauza dagaa wakageuka.

"Muganga," akasema, "sasa ndiyo ndashaje. Andika ukurasa wa wazee!"