Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Paniyem alipoanza kazi katika karakana ya batiki ya Bu Sumarni, yaani Mama Sumarni kwa lugha ya kule Lasem, mkono wake ulikuwa kichekesho. Nta ya moto ilimdondoka hovyo, na maua yake yakatoka kama nyayo za kuku aliyekimbia matopeni. Wanawake waliozunguka naye kikaango kimoja cha nta hawakumwacha apumue.

“Yu Paniyem,” Warsini alimwita, kwa heshima ya dada, “hilo ni ua au ni ugonjwa?”

“Ni ua linaloumwa,” Paniyem alijibu. “Niache nilitibu.”

Kipaji hakuwa nacho. Lisemwe wazi, maana baadaye watu walilifunika. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa cha tajiri, alichora vitone kwenye tambara mpaka vilingane. Kila alipochota nta, alipuliza kwanza mrija wa kalamu yake ya shaba usizibe. Na kila ua alilomaliza mbele, aligeuza kitambaa akalifuatisha tena kwa nyuma, mstari juu ya mstari, ili nta izibe pande zote na kitambaa kikitiwa rangi, isipenye popote. Kazi ya nyuma inachosha na haina sifa, kwa hiyo wengi huirukaruka. Yeye hakuruka, hata siku za homa. Miaka ikaenda, mpaka vitambaa vyake vikawa havijulikani mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Warsini aliyaona yote hayo kwa macho yake. Walikula wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye jani moja la mgomba kila mchana.

Kisha ikatangazwa kwamba darasa la batiki kwa wasichana litafunguliwa pale karakanani, na wageni kutoka mjini watachagua mwalimu. Paniyem aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka kuwaambia wasichana wenye mikono mizito kwamba mkono hufundishika.

Wageni walipokuja, walikunjua kitambaa chake cha ndege na mawimbi, wakakigeuza, wakakigeuza tena.

“Kazi ya nani hii?”

“Ya binti yangu, Retno,” alisema Bu Sumarni bila kupepesa. “Kwetu iko kwenye damu. Muulizeni Warsini, ni wa siku nyingi hapa.”

Paniyem alitulia. Ukweli ulikuwa mikononi mwa rafiki yake.

“Ni ya Mbak Retno,” Warsini alisema, akimtaja binti wa tajiri kwa heshima, macho kwenye kikaango. “Mikono ile kazaliwa nayo.”

Walipoondoka, Paniyem alimfuata kisimani. “Ulikula nini cha kwangu kikakuudhi, Warsini?”

“Bu kaniahidi mwanangu ataingia darasani.”

“Si ningemwingiza mimi?”

“Wewe ungemwingiza, Bu angenitoa mimi kazini.” Warsini akavuta kamba ya ndoo. “Halafu Yu, tusidanganyane. Ukiwaambia watu ni vitone kwenye tambara kila siku, wataona umewadharau. Wanataka kusikia kipaji.”

Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Watu hupenda kipaji kwa sababu kinawapa ruhusa ya kukaa kitako.

Juma lililofuata, Bu Sumarni alimletea kitambaa ambacho Retno, aliyekwisha kuchaguliwa kuwa mwalimu, angekionyesha siku ya ufunguzi. Mbele kilikwisha chorwa. Nyuma palikuwa pakavu, bila nta. “Nimalizie, Paniyem. Wewe mvumilivu.”

Paniyem akaamua kuruka bawa moja tu la ndege. Rangi ingepenya, na wote wangeona dosari katika kazi ya Retno. Akalifikia bawa, akalipita, akachora mkia. Lakini mkono ulirudi. Aliushusha mapajani, ukapanda tena, na kabla hajajikemea bawa lilikwisha kufunikwa na nta, safi, bila pengo. Alikaa akiutazama mkono huo kama mtu aliyeuzwa na mwanawe.

Siku ya ufunguzi, uani kulijaa akina mama na mabinti zao. Mgeni mmoja alikiinua kitambaa juani, mbele na nyuma. “Hiki,” alisema, “hakifundishwi. Mtu anazaliwa nacho.” Retno akainamisha kichwa kwa adabu.

Mama mmoja aliyekaa nyuma alivishika vidole vinene vya binti yake, akavitazama. “Basi twende zetu,” alimwambia. “Hivi vyako si vya kazi hii.”

“Subiri, mama,” Paniyem alisema, “hata vyangu—”

“Bora wajue mapema,” Warsini akamkata, akimtabasamia yule mama. “Msiupoteze muda wenu.”

Wakatoka. Paniyem aliwafuata hadi barabarani akiwaita, na yule mama akageuka mara moja tu, akaona mfanyakazi mwenye madoa ya nta kwenye sketi. Akamvuta binti yake, wakaharakisha mwendo.