Wiki Niliyojitangaza Mwenyewe

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kiti cha nyuma cha bajaji, maiki mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, nikiwaambia watu wa Tanga mambo yanayokuja na ambayo wasipotoka nyumbani watayakosa. Juu ya bajaji spika mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mbele yuko dereva, Msambaa wa Lushoto, mtani wangu kwa kuwa mimi ni Mbondei, na kwa utani huo alikuwa amejipa ruhusa ya kuniambia chochote.

Watangazaji wengine hurekodi, wakaweka kwenye flashi, bajaji ikazunguka mji na maneno yaleyale mpaka betri ife. Tajiri wetu hakutaka. Alisema flashi watu wameshaizoea, hawaisikii tena, kama wasivyomsikia jogoo wa jirani. Alitaka mtu mzima na roho yake, anayemwona mwanamke anakaanga mihogo barazani na kumwambia, "Wewe mama wa mihogo, Jumamosi funga biashara mapema." Akanichagua mimi. Nilijivuna kwa hilo, nikadhani ni sababu ya sauti yangu ya kuimba. Baadaye nikaambiwa alinisikia siku moja nagombana na muuza dagaa, naye tajiri yuko ng'ambo ya barabara, dukani, mlango umefungwa.

Wiki hiyo mji ulikuwa na mambo. Ijumaa vijana wanaochora walikuwa wanaonesha picha zao. Jumapili kwaya za makanisa zinakutana Pangani. Mwisho wa mwezi ngoma ufukweni kule Ushongo, wenyeji bure, wageni walipe. Na Jumamosi, kuanzia alasiri, taarabu ya watu wote, ukumbini kwetu Nguvumali, kuchangia madawati ya shule ya mtaa.

Kikundi cha kuimba hiyo Jumamosi kilikuwa changu. Nasema changu kwa mazoea tu, maana kilikuwa kimeshanitoa.

Mimi sikuzaliwa kwenye taarabu. Babu yangu alikata mkonge, bibi akafuata, na sisi watoto tukakulia kwenye kanisa la Kilutheri na kwaya yake. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hatuyazungumzi nyumbani, nikaanza kukaa kwenye mazoezi ya kikundi cha mtaani, kwanza dirishani, kisha mlangoni, mwishowe kwenye kiti. Mama yangu alinuna mwaka mzima. Kiti changu kilikuwa cha tatu kutoka kwenye kinanda, na wimbo mmoja ulikuwa wangu peke yangu. Halafu nikapata mimba. Nikajifungua, nikakaa arobaini, nikarudi na mtoto mgongoni. Nikakuta kitini pangu kuna binti.

Kiongozi wetu, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, hata waliomzidi umri, akaniambia kwa upole, "Pumzika kwanza, mwanangu. Lea."

Pumzika. Nitajieni mwanamke mmoja aliyepumzika kwa kulea, nikamwone. Niliondoka bila kuaga na nikakaa na hasira zangu miezi saba, nikizilea vizuri kuliko mtoto.

Sasa ona balaa la riziki. Jumatatu nikapewa karatasi ya kusoma, na kwenye karatasi imeandikwa kwamba wakazi wote wanaalikwa kuja kuburudishwa na "sauti changa, sauti ya asali". Asali ndiye yule binti. Nikaisoma asali hiyo Ngamiani, nikaisoma Makorora, mtoto akilia ndani ya maiki kila nikifika hapo, na watu wakicheka kwamba hata mtoto anakataa. Dereva akasema, "Mtani, ukisema asali unakunja uso kama umelamba shubiri."

"Unauonaje uso wangu nawe unaendesha?"

"Nauona kwenye kioo. Unanitisha."

Tulipoingia Nguvumali, mtaani kwangu mwenyewe, jirani yangu mmoja alikuwa anaanua nguo. Ni mwanamke mzuri ila hana breki. Akasimama na shuka begani, akasikiliza tangazo mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ambayo haikuhitaji spika, "Na wewe je? Siku hizi huimbi tena, ni kutuita tu?"

Wanawake wa nyumba tatu wakageuka. Maiki ilikuwa wazi. Ningeweza kuizima, swichi ilikuwa chini ya kidole gumba. Badala yake nikasikia sauti yangu inatoka juu ya bajaji na kugonga mabati: "Naimba. Nani kasema siimbi? Jumamosi nafungua mimi, mtangazaji mwenyewe. Anayedhani nimekwisha aje aone."

Bajaji ikapunguza mwendo. Dereva akageuka. "Hiyo ipo kwenye karatasi?"

"Endesha."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini uongo wa kwenye spika una utamu wake, kwa sababu unausema na hapohapo unausikia unarudi kutoka ukutani kama habari ya kweli. Jumanne nikajiita mwimbaji mkongwe, mimi wa miaka ishirini na minne. Jumatano asubuhi nikawa kipenzi cha mji. Tulipofika Chumbageni nilikuwa nimerudi kutoka ziara ya Mombasa, mji ambao nimewahi kufika mara moja, kwenye msiba, na nikatapika njiani kwenda na kurudi.

"Ulipokuwa Mombasa," akaniuliza dereva, "ulituletea nini?"

Jumatano jioni nilirudi nyumbani nikakuta wanawake sita barazani kwa jirani yangu, wameinamia kitu. Walikuwa wanakata kanga. Jora zima, rangi moja, kila mmoja na doti yake. Jirani akanionesha pindo kwa furaha. "Sare yetu. Tunakuja kukutunza noti jukwaani. Hatutaki uonekane huna watu."

Nilicheka nao, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Kwetu jambo likisemwa chumbani ni maneno, ila likisemwa kwenye spika limeshakuwa ahadi, na watu wanalikatia kanga. Nisipoimba Jumamosi nitahama Nguvumali. Na aliyekuwa na ruhusa ya kunipa maiki ya Jumamosi alikuwa mtu mmoja tu, na huyo nilikuwa sijamwamkia miezi saba.

Alinifuata yeye. Alhamisi, karibu na soko, mwanamke mwenye buibui alinyoosha mkono katikati ya barabara, bajaji ikasimama yenyewe. Mama Mkubwa. Nilizima maiki haraka sana.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Mtoto hajambo? Baba yake?"

"Hawajambo."

"Meno yameota?"

"Mawili, ya chini."

"Mashallah. Na mama yako, mguu wake?"

Aliuliza mguu wa mama, paa la kwetu, bei ya unga, hata kuku. Nilikuwa nimeandaa matusi, nilikuwa nimeandaa na machozi, na vyote havikupata pa kupita kati ya salamu zile. Mwisho akatengeneza buibui lake, akasema kana kwamba amekumbuka tu, "Jumamosi tunavaa manjano."

"Ndiyo, mama."

"Utafungua wewe. Na wimbo wako uleule. Si ndivyo ulivyowaambia watu?"

"Ndivyo."

"Basi. Na unatutangazia vizuri, nimefurahi. Ila ndugu zangu wa Mwanzange wanasema hawakusikia sawasawa. Na Mabawa mmepita?"

"Bado, mama."

"Piteni, mwanangu. Useme kwa nguvu, siku hizi kuna upepo."

Akaenda zake. Nilikuwa nataka kumrukia nimbusu. Dereva hakuwasha bajaji mara moja. "Huyu mama kakusamehe upesi."

"Anajua thamani yangu."

"Kwetu milimani, nyuki wakinyamaza hatuingizi mkono mzingani."

"Ndiyo maana asali mnanunua kwetu. Twende Mwanzange."

Tukaenda Mwanzange. Nilisema kwa nguvu. Nilisema kwa nguvu Mabawa pia, vichochoro vyote, na Ijumaa tukarudia Mwanzange kwa sababu dereva alipita njia tofauti na sikutaka ndugu wa Mama Mkubwa wapate la kusema. Niliwaita watu mmoja mmoja. Niliwaita wanaume waliokuwa wanacheza bao na wakakataa kuinua vichwa, nikawaita tena. Ijumaa alasiri sauti ilianza kukwaruza. Jioni nikapita kwa mama yangu, akanitazama kooni kwa tochi ya simu, mguu wake mbovu juu ya kigoda.

"Hata kwaya ulikuwa hivihivi," akasema. "Mazoezini unaangusha paa. Jumapili bubu."

"Sasa nifanyeje?"

"Nyamaza."

Ushauri huo sijawahi kuuweza. Nilikunywa tangawizi, nikatafuna kitunguu, nikasukutua maji ya chumvi. Na Jumamosi asubuhi nikapanda tena bajaji, maana tangazo la siku yenyewe ndilo linaloleta watu.

Watu walikuja. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na safu mbili za mbele zilikuwa za sare, jirani yangu katikati amempakata mwanangu kama zawadi ya mshindi. Nilipanda jukwaani na gauni la manjano lililokuwa limenibana pande zote ambazo ujauzito ulipita. Yule binti alikuwa kwenye kiti cha tatu. Aliponiona akasimama, akakipangusa kiti kwa mkono, akasogea cha pembeni. "Karibu, dada."

Nilitaka aninyime ili nimchukie vizuri. Hata hilo alininyima.

Wapigaji wakaanza na bashrafu, kipande cha ala tupu kisichokuwa na maneno, na mimi nikawa nameza mate na kumwomba Mungu wa kwetu na wa kwao. Bashrafu ikaisha. Nikasimama. Sare zikapiga vigelegele. Kinanda kikanifungulia njia, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Kilichotoka sijui nikifananishe na nini. Mlango wa stoo una heshima zaidi. Nilidhani ni kohozi, nikakohoa, nikaanza upya, na ule mstari wa kwanza, ambao niliwahi kuwaliza nao wanawake wazima, ukatoka kama mtu anavuta meza juu ya sakafu. Mstari wa pili haukutoka kabisa. Midomo ilikuwa inakwenda, mkono umenyooka kwa madaha, na hakuna kitu. Ukumbi ulinyamaza ule unyamavu wa watu wenye adabu. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, nisiyemjua, pengine wa Mwanzange, akapanda jukwaani taratibu, akanitia noti mkononi, akaninong'oneza, "Umejitahidi, mama."

Kama angenizomea ningempenda.

Binti akaupokea wimbo. Hakusimama, hakunitazama, aliupokea tu pale ulipokatikia, kama mtu anavyomshikia mwenzake ndoo. Ningependa sana kuandika kwamba aliimba vibaya.

Hapo palikuwa na mlango wa nyuma, nyuma ya spika, na nje bajaji ninayoijua. Nilikwishageuza mguu. Lakini mwanangu alikuwa ameanza kulia kule mbele kwa mlio ninaoujua, wa titi na si wa kitu kingine, na jirani yangu akampandisha jukwaani mkono kwa mkono mpaka akanifikia. Nikamtazama mtoto, nikautazama mlango, nikakitazama kiti. Nikakaa kitini. Nikajifunika kanga, nikanyonyesha palepale, kiti cha tatu kutoka kwenye kinanda, mbele ya Tanga nzima niliyoialika mwenyewe.

Mama Mkubwa akaniinamia kutoka nyuma. Nilijua ataniambia nishuke. Akanipa manyanga.

"Shika haya," akasema. "Hayatumii koo."

Nikatikisa manyanga kwa mkono uliobaki. Mwanzoni nilikuwa nje ya mdundo kwa hasira. Mtoto akashtuka akaning'ata kwa yale meno mawili, na sikuweza hata kupiga kelele, nikaendelea kutikisa huku machozi yananitoka, na safu za mbele zikadhani nimeguswa na wimbo, zikapanda kutunza. Walimtunza binti, wakanitunza mimi, mmoja akampa mtoto. Yote yakaingia kwenye beseni la madawati. Nyimbo zilipofika katikati ya jioni mkono wangu ulikuwa umeshaujua mdundo bila mimi, na sikutoka kitini mpaka mwisho.

Watu walipokuwa wanakunja viti, Mama Mkubwa akaja na mtungi mdogo wa kahawa, akajimiminia, mimi akanimiminia maji ya moto.

"Mwanzange walisikia?" akaniuliza.

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mweupe wa amani, kama mtu aliyemaliza kuswali.

"Nilijua watasikia," akasema. "Sasa nisikilize. Mazoezi Jumatatu, baada ya alasiri. Mtoto njoo naye, mkeka upo. Hiki kiti ni cha binti, wewe utakaa cha mwisho na manyanga yako mpaka nilisikie hilo koo. Likirudi tutapanga upya. Na bajaji uache. Huwezi kumwaga maji barabarani asubuhi, jioni ukaja kwangu kuoga."

Mkeka ulikuwepo siku zote, umesimamishwa nyuma ya kinanda. Nilikuwa nimekaa nao chumba kimoja cha mazoezi miaka minne.

Kuhusu bajaji nilikuwa na majibu. Nilikuwa na jibu la Mwanzange pia, na la asali, na moja refu sana la neno pumzika, ambalo nilikuwa nimelinoa tangu arobaini. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, Mama Mkubwa alikuwa amemaliza maneno yake yote mbele yangu.

Nikainamisha kichwa kukubali. Akadhani ni adabu.