Dawa Inayomjua Bi Mwajabu

Watu walishuka Nyamwage kwa ajili ya Bi Mwajabu. Basi la Lindi lilisimama, kondakta akamteremsha mtu mwenye mdomo uliopinda na mguu wa kuburuta, na kabla hajauliza lolote wauza korosho walishamwelekeza. Kiharusi? Nyuma ya msikiti, ua wa makuti. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Dawa yake ilikuwa mzizi mmoja tu, na jina lake hakumwambia mtu. Ulimea bondeni, mwendo wa dakika kumi kwa mzima, saa nzima kwa mgonjwa. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na msamaha: mgonjwa auchimbe mwenyewe, kila siku mzizi mpya, na kwa mkono uleule ulioguswa na maradhi.

"Mimi na dawa tunajuana," alikuwa akiwaambia. "Wewe nayo hamjuani. Nenda ukajuane nayo."

Walilia, wakaanguka majanini, wakamtukana kwa ndimi nzito, naye alisimama kando akiwatazama wala hakuwasaidia. Baada ya miezi mitatu minne wengi walipanda basi la kurudi kwao wakibeba mikoba yao wenyewe.

Sasa tuseme kile alichokijua yeye peke yake. Mzizi ulisaidia, ila kidogo. Kilichowainua watu ni lile bonde. Alipoanza kazi alijaribu kuwaambia waziwazi kwamba mguu unaponywa kwa kutembezwa, na mzee mmoja wa Chumbi akamjia juu: "Ningekuwa naweza kutembea ningekuja kwako?" Akaondoka kwa hasira, wala hakurudi. Ndipo Bi Mwajabu akauficha ukweli ndani ya mzizi, na tangu siku hiyo watu wakaumeza bila ubishi. Hata binti yake Mwamini, aliyeishi naye nyumba moja, hakumwambia. Aliona yupo, atasema siku moja.

Siku hiyo haikuja. Asubuhi moja ya mwezi wa pili alikuwa akipepeta mchele, ungo ukamponyoka, naye akaufuata chini. Hospitali walimkazania wiki mbili. Alirudi nyumbani akili yake nzima, upande wa kulia umelala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi mama yule, limebaki moja: "Haya."

Hebu fikiria mwanamke aliyeishi kwa kuwakatalia watu, leo hana neno la kukataa. "Mama, nikulaze?" Haya. "Mama, nikufunike?" Haya, na jua la Nyamwage linachoma bati. Ndani ya kichwa chake alipiga kelele hapana, hapana, niinueni, na mdomo ukatoa kile ulichokuwa nacho.

Hospitali walimpa Mwamini karatasi ya mazoezi yenye picha za mikono na miguu. Aliikunja vizuri akaiweka kabatini. Si kwamba hakumpenda mama yake; alimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilipokaa. Kila alfajiri alishuka bondeni mwenyewe, maana mzizi aliujua kwa macho, akauchimba, akauchemsha, akamnywesha mama kwa kijiko.

Nassibu, mdogo wake Mwamini, seremala wa Ikwiriri, alipokuja kumwona mgonjwa aliuliza swali ambalo Bi Mwajabu alikuwa amelisubiri kwa wiki tano. "Dada, kwani mgonjwa si anachimba mwenyewe?"

Bi Mwajabu alimkazia macho mwanawe mpaka yakamtoka machozi.

"Hao ni wagonjwa wa kuja," Mwamini alimjibu. "Wao na dawa hawajuani. Mama na dawa wanajuana miaka thelathini, aende akajuane nayo mara ngapi? Sivyo, mama?"

"Haya," alisema Bi Mwajabu.

Kwa hasira ile angeweza kuuma kijiko kikakatika. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na sasa yalikuwa yamemlaza chali.

Mwezi uliofuata simu ililia. Alikuwa Dokta Nasra, mtafiti wa mimea kutoka Dar, ambaye miaka miwili nyuma alibembeleza siku nzima mpaka akapewa mizizi ya kupima maabara. Mwamini aliweka sauti ya nje ili mama asikie.

"Mzizi una kitu, dada Mwamini! Tumepata kiambata kimoja, tukawapa panya wenye kiharusi, na mishipa ya ubongo imeanza kuungana upya."

Mwamini alipiga kigelegele, majirani wakachungulia.

"Subiri, sijamaliza. Waliokaa tu vizimbani, dawa haikuwafaa kitu. Waliopona ni wale tuliowawekea gurudumu la kukimbilia, wakalazimishwa kuokota chakula kwa mkono mbovu. Na hao ni panya, dada, kwa binadamu bado hatujui. Nimesikia bibi naye kapata kiharusi; hospitali si walimpa mazoezi?"

"Walimpa, dokta. Akipata nguvu tu, tunaanza."

Bi Mwajabu alisikia kila neno. Moyo ulimdunda kwa furaha. Siri yake imetoka, tena kwa mdomo wa msomi. Sasa watamwinua.

"Panya wa Dar nao wana raha," alisema Nassibu, aliyekuwa amekuja tena kumwona mama, akicheka. "Wanawekewa mpaka magurudumu."

"Umesikia lakini? Mzizi una kitu!" Mwamini alifuta machozi. "Kuanzia leo asubuhi na jioni. Kwanza nguvu zirudi, halafu hayo mengine."

Usiku huo furaha yote ilimtoka Bi Mwajabu. Alielewa kwamba hakuna atakayekuja kumtoa pale kitandani, na kwamba akisubiri nguvu zirudi atasubiri mpaka azikwe.

Basi asubuhi, Mwamini aliposhuka bondeni, alijisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ukingoni, akajiachia. Alianguka vibaya, bega likalia. Akaanza kujivuta. Sakafu, kizingiti, ua. Hatua tano zilimla nusu saa nzima. Alipofika kwenye mchanga aliuvuta mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka chini, akauamuru uchimbe kama alivyoamuru mikono ya wengine miaka yote. Haukutii. Akauamuru tena. Jasho likamwingia machoni. Na kidole cha shahada kikakwaruza mchanga. Kidogo, lakini kikakwaruza, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Alicheka kwa sauti, mdomo umepinda, mchanga mdomoni. Hakuwa amefurahi hivyo tangu augue.

"Yarabi, mama!" Mwamini alitupa mizizi akakimbia. Majirani wakajaa, wakamwinua wanne, wakakanyaga pale palipokwaruzwa pasionekane tena. Alikionyesha kidole chake kwa mkono wa kushoto, akakigonga, akakitikisa. "Kimeumia," wakaelewana, wakakifunga kitambaa. Mwamini alikuwa akilia kwa kwikwi na kujilaumu kwamba amemwacha mama peke yake. Tangu hapo hakumwacha tena hata dakika moja. Mizizi ikaletwa na watu.

Ijumaa Nassibu alikuja na mbao. Alipima kitanda, akakata, akagonga misumari kimyakimya, kwa adabu, ili asimkere mgonjwa. Akaweka ubao upande huu na upande ule, mrefu kupita kifua cha mtu aliyelala.

Baada ya swala wanawake walikuja kumjulia hali, na Mwamini akawaonyesha. "Mdogo wangu kafanya kazi," alisema, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Sasa haanguki tena."

Wakausifu ubao. Bi Mwajabu aliupapasa kwa mkono mzima, kutoka kichwani mpaka pale mkono ulipokomea, akitafuta pa kushika. Nassibu alikuwa ameupiga randa mara mbili, akaupitisha msasa, usibaki hata kibanzi cha kumchoma mama.