Umetumwa na Nani?

Umeme ukikatika hapa mtaani kwetu Bakoba, mke wangu huwasha kiberiti, na harufu ya ile njiti hunirudisha utotoni, kwa bibi, kule Muleba.

Bibi alinipa sarafu kwa buni nilizookota chini ya mibuni. Ilikuwa yangu, ya kwanza. Niliifumbata hadi kiganja kikanuka chuma.

"Nipe kiberiti," nilimwambia mwenye duka.

Hakunitazama hata usoni. "Umetumwa na nani?"

"Bibi."

Nilirudi nikikitikisa sikioni. Nyumba ilikuwa kimya; bibi alikuwa bado kwenye migomba. Sakafuni alikuwa ametandaza nyasi kwa ajili ya wageni wa Jumapili, nazo zilishakauka, zikinukia vizuri. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili nayo ikazimika. Nikachukua ya tatu.

Jioni majirani walisimama kulizunguka jivu, paa limelala chini. Mwenye duka aliapa mbele yao wote: "Mama, huyu mtoto alisema umemtuma wewe!"

Bibi alinitazama. Kitenge chake kilikuwa kimeungua pindoni.

"Ni kweli," akawaambia. "Nilimtuma."