Boriti Iliyomkera Mama Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi mwashi anaingia sebuleni kwa mama mkwe wake kwa mlango wa uani. Wa mbele unatazama barabara, na barabarani kuna watu. Juu yake sakafu ya zege imebonyea kama tumbo la mtu aliyeshiba, imeshikiliwa na mirunda, nguzo za miti. Anaigusa mmoja mmoja, kisha anaanza kufunga nondo za boriti mpya.

Kwa sababu ya sakafu hiyo, mtaani wamembandika fundi jina la Bembea. Majirani wanaapa kwamba ukipanga viti kwenye kona za chumba cha juu, kufika jioni vimekutana katikati vinapiga soga. Hapo wametia chumvi. Ila maji ya kudekia kweli hukimbilia katikati, na mlango wa chumba hicho umegoma kufunguka.

Nyumba aliijenga yeye. Mchoro wa mhandisi ulikuwa na boriti inayokatiza dari ya sebule katikati. Siku ya kupanga mbao za kumwagia zege, mama mkwe alikuja, akatazama juu, akasema, "Mkwe wangu, hilo libavu nalo litanikalia kichwani mpaka lini?"

"Ningejibu nini?" anauliza fundi, macho kwenye koleo. "Yule ni mama mkwe. Hata kukohoa mbele yake najiuliza mara mbili. Nikasema, haya mama, tunaliondoa."

Boriti ikaondoka. Unene wa sakafu ukabaki sentimita kumi na mbili.

"Palipo na boriti, zege linavuka mita tatu, linapumzika. Unene huo unatosha. Bila boriti linavuka mita sita kwa mkupuo. Nilijua. Nikajipa moyo kwamba nikijaza nondo litanyooka. Wapi."

Mhandisi alipoitwa hakugomba. Aliuliza tu, "Boriti uliiona kwenye mchoro?"

"Niliiona."

Akaendelea kupima. "Bora angenitukana," anasema fundi.

Kazi mbili alizoahidiwa zimekwenda kwa wengine. Lakini kinachomkondesha kipo nyumbani kwake: mama mkwe amehamia huko, analala na wajukuu. Fundi siku hizi anakula jikoni, wima, mpaka mama aondoke mezani. Naye mama hajamlaumu. Wageni wakiuliza, anawaambia saruji ya siku hizi ni vumbi tupu.

"Na mimi niko mlangoni na sahani yangu, nasikia. Juzi nikashindwa. Nikamwambia, mama, saruji haina kosa. Akasema, 'Najua. Na mimi nani alinituma kulichagulia zege urembo?'"

Kesho zege la boriti litamwagwa kupitia matundu yaliyotobolewa juu. Ubonyeo hautaisha, utakoma kuongezeka tu. Mirunda itatolewa baada ya mwezi, na mama atarudi kwa sharti moja: kwanza fundi na mkewe walale chumba kile cha juu wiki nzima.

"Nimekubali," anasema fundi.

Mkewe, aliyemletea chai, anatua birika. "Umekubali wewe, baba watoto. Mimi sikuulizwa. Utalala na zege lako."

Fundi anacheka kidogo, halafu anaacha.

"Nitalala peke yangu, pale pale katikati. Mama akisharudi kwake nina ombi moja tu. Mgeni akitazama dari akauliza, aambiwe ni mkwe aliyekosea. Nikiwepo, nitajibu mwenyewe."