Kipande cha Ini Kilichorudi Handeni

Binti wa maabara aliponiomba kipande cha ini langu nilimkasirikia, na hasira zangu wanazijua hata mbuzi wa nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, Korogwe, siku tatu tu baada ya kuambiwa nina uvimbe kwenye ini, uvimbe mbaya, na kwamba itabidi nipelekwe hospitali kubwa mjini nikakatwe. Daktari alisema kupona kwangu kunategemea jambo moja: uwe haujasambaa. Nilikuwa nalitafuna hilo neno, kusambaa, ndipo binti akaja na karatasi zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe unataka kunikata wapi?"

Alitabasamu, akaketi kando yangu. Alisema kwao ni Dindira, wazazi wake wachuma chai, na kazi yake ni kuchunguza kwa nini saratani ya ini kwa mtu mmoja hutulia mahali pake na kwa mwingine huenda hadi mapafuni. Aliomba, daktari akishautoa uvimbe, yeye apewe kipande. Nikamwambia anieleze kwa lugha ya mtu anayelima mahindi, la sivyo aende benchi la pili.

Akaeleza bila haraka. Mwilini mna seli za kinga, hao ndio walinzi. Na ndani ya seli mna jumbe fupifupi, aliziita RNA ndogo, ambazo kazi yake si kujenga kitu bali kunyamazisha: amri fulani ikitolewa, zenyewe huizuia isitekelezwe. Uvimbe umejifunza kuzitumia. Huzifunga katika vifuko vidogo mno, huwapelekea walinzi, na mlinzi akishapokea huacha kupigana. Wengine hufikia hatua ya kuusaidia uvimbe kupata njia ya kutoka.

"Kama mbwa wangu," nikasema.

Nilikuwa na mbwa shambani, mkali, wa kufukuza nguruwe pori na wezi. Mwaka mmoja mahindi yalikwenda mstari kwa mstari na mbwa hakubweka hata mara moja. Kumbe mwizi alikuwa akimrushia dagaa. Mwishowe mbwa alikuwa akimsindikiza hadi barabarani huku anatikisa mkia.

"Ndivyo hasa, mzee. Mimi nawatafuta hao dagaa."

"Ukiwapata, mimi napona?"

"Hapana," akasema. "Wewe kitakuponya kisu cha daktari, Mungu akijalia. Haya ninayoyatafuta huenda yakamfaa mtu mwingine, tena baada ya miaka mingi. Sitaki nikudanganye."

Tangu nianze kuugua, watu walikuwa wakinidanganya kwa huruma: mke wangu, majirani, hata mganga wa mizizi aliyeniambia ni gesi tu. Huyu alinipa ukweli mkavu, nami nikamshukuru moyoni hapohapo, ingawa mdomoni nilimpa sharti. Kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi. Vitovu vya wanangu vimezikwa nyuma ya nyumba. Kidole cha kaka yangu, kilichokatwa na mashine ya mkonge, kilifungwa kitambaa kikazikwa. Nikasema: chukua, pima, lakini kitakachobaki kirudi kwetu Handeni kizikwe.

Nilidhani atacheka. Aliandika pembeni mwa karatasi, akanisomea alichoandika, akasema ataomba ruhusa kwa wakubwa wake ila hawezi kuahidi kwamba watakubali. Nikatia saini.

Nilikatwa, nikashonwa, nikalalamikia uji wa wodini mpaka siku ya kuruhusiwa. Baada ya hapo kila miezi mitatu nilirudi kupimwa, na kila mara nilimtazama daktari usoni kabla hajafungua mdomo. Haujasambaa. Akarudia tena safari iliyofuata, na iliyofuata. Sijui nianze kumshukuru nani, kwa hiyo nawashukuru wote, kuanzia aliyenikata hadi yule mama wa usafi aliyekuwa akinigombeza nikipita bila ndala.

Mwaka ukapita na zaidi. Sharti nilikuwa nimelisahau. Jumamosi moja binti akateremka kwenye basi Handeni na kikapu mkononi, na ndani yake, vimefungwa kwa kanga, vichupa viwili vyenye mabaki ya kipande changu. Wakubwa wake walikuwa wameruhusu.

Shehe wa msikiti wetu alisema kipande hakisaliwi, kifukiwe tu kwa heshima. Shimo nililichimba mwenyewe, karibu na vitovu vya wanangu. Hapo akatokea mtani wangu, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa huku kukata mkonge. Wao na sisi Wazigua ni watani tangu zamani, na kwenye msiba mtani ana haki ya kuleta fujo. Akatumbukiza mguu shimoni, akaanza kuomboleza.

"Mzigua anazikwa rejareja," akasema. "Leo ini, kesho sikio. Mguu huu siutoi mpaka nipewe kuku."

Watu wakacheka, mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Binti peke yake hakucheka. Nikamuuliza kama tumemkosea.

"Hapana, mzee," akasema. "Nimekusanya vipande vya watu wengi. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona akikizika kipande chake. Wengine, wengi wao, wao ndio wamezikwa. Vipande vyao ndivyo vilivyobaki kwangu."

Kicheko kikakatika. Niliwafikiria wale watu, ambao huenda miongoni mwao wapo niliokaa nao benchi moja. Waliambiwa ukweli uleule, wakatia saini karatasi ileile, wala hawakuweka sharti. Kama kuna dagaa waliokwisha kupatikana, wamepatikana kwao. Nilitamani kuwashukuru, na sikuwa na jina hata moja la kutaja.

Nikatoa kichupa kimoja kwa ajili ya shimo. Cha pili nikakiacha kikapuni, nikakifunika vizuri kwa kanga yake, nikamkabidhi binti kikapu.

"Rudi nacho," nikamwambia. "Kikae na wenzake."

Mtani wangu akautoa mguu shimoni taratibu, wala hakudai kuku.